Kusomea usalama na usimamizi wa hatari chuo kikuu: chagua mahali pamoja ukae napo

Kabla hujalipa ada ya kozi yoyote ya usalama, omba orodha ya masomo ya miaka yote minne na uipitie somo baada ya somo. Jina la kozi halikwambii mengi. Moja utakuta ni jinai tupu: kwa nini watu huvunja sheria, polisi, magereza, magenge ya vijana. Nyingine ni siasa za mipaka na ugaidi. Nyingine ni majanga, mafuriko na kambi za wakimbizi. Zote ni elimu nzuri. Lakini kama unataka siku moja ukabidhiwe hospitali, benki au bandari uilinde, orodha hiyo iwe na tathmini ya hatari, ulinzi wa majengo, usalama wa moto, sheria, takwimu, na mipango ya kuendeleza kazi baada ya janga. Usipoona takwimu wala moto, waulize kwa nini.

Hapa Kenya, Egerton wana shahada ya jinai na masomo ya usalama, na Masinde Muliro kule Kakamega wanajulikana kwa masomo ya majanga na misaada ya kibinadamu. Nje, Edith Cowan kule Perth, Australia, wana jina kubwa katika sayansi ya usalama, na Leicester ya Uingereza wamekuwa wakifundisha usalama na usimamizi wa hatari kwa masafa, jambo linalomfaa aliye kazini. Hakikisha chuo cha hapa kina idhini ya CUE, tume inayosimamia vyuo vikuu. Mlango wa kawaida wa shahada ni C+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Ukiwa chini yake, pitia diploma kwanza. Ndiyo njia niliyopita mimi.

Nakuandikia hasa wewe uliye getini sasa hivi, na sare yako na kirungu, unayelijua lindo lako kuliko wanaokupangia zamu. Nilikuwa mlinzi wa ghala Shimanzi, Mombasa, shifti ya usiku na baadaye ya mchana, kabla sijaingia darasani. Leo nasimamia usalama wa hospitali hapa hapa mjini. Ninaloliamini ni hili: chagua mahali pamoja unapopajua vizuri, pawe soko, shule, msikiti au ghala, na kila somo utakalofundishwa lipeleke pale ulijaribu. Anayesoma bila mahali pake hukariri maneno, na mitihani ikiisha maneno nayo yanakwisha.

Mlango wa pembeni

Ghala letu lilikuwa na mlango wa pembeni wenye kitasa kizuri cha chuma. Kila mchana ulikuwa wazi, umezuiliwa na jiwe la matumbawe lililolika upande mmoja kwa kuburutwa. Zilitoka barua za onyo. Jiwe liliondolewa asubuhi, likarudi adhuhuri. Kila mtu aliona utovu wa nidhamu.

Chuoni nilikutana na nadharia ya Cohen na Felson, wataalamu wa jinai, ya mwaka 1979. Wanasema uhalifu hutokea pale vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi anayeweza kuzuia. Nililirudisha somo kwenye ule mlango. Makuli walipita pale kwenda chooni na kutia udhu, kwa sababu kupitia mbele ni kulizunguka ghala zima juani. Na ndani ya mabati saa nane mchana hapakaliki. Basi mlango ulikuwa wazi saa zile zile ambazo karani wa stoo amekwenda kula na lori limeegeshwa nje. Vitu vitatu, wakati mmoja. Dawa yake haikuwa kitasa kikubwa zaidi. Ilikuwa choo upande ule, matundu ya hewa juu ya ukuta, na karani kubadilisha saa ya chakula.

Hilo ndilo zoezi la muhula wako wa kwanza. Simama mahali pako kwa saa tofauti, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na uandike watu wanachofanya, si wanachoambiwa wafanye. Kila ukiona kanuni inavunjwa kila siku na watu wazima wenye akili zao, tafuta kwanza shida iliyowafikisha hapo.

Hesabu usizikimbie

Wengi wanaotoka kwenye ulinzi wanaogopa hesabu. Nyingi ni za kawaida kabisa. Ya kwanza ni ya muda. Ulinzi wa jengo hupangwa kwa tabaka: kumkatisha tamaa mhalifu, kumgundua, kumchelewesha, kisha kumfikia. Tuseme baada ya king'ora kulia, ua unamchelewesha dakika moja, mlango dakika mbili, sefu dakika tano. Jumla dakika nane. Kama gari la msaada linafika baada ya dakika kumi na tano, jengo lako halina ulinzi, hata ukaongeza kamera kumi. Na kama king'ora kinalia pale tu sefu inapoguswa, zile dakika tatu za mwanzo hazikusaidii kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Pima mahali pako hivyo, kwa saa mkononi.

Ukifanya hesabu hiyo, utaelewa kwa uchungu kilichotokea Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na shambulio lililoanza alfajiri lilidumu takriban saa kumi na tano. Unaposoma mkasa kama huo darasani, usiishie kwenye bunduki za washambuliaji. Uliza onyo lilimfikia nani, langoni palikuwa na nini cha kumchelewesha mtu mwenye silaha, na kikosi kinachoweza kuwakabili kilikuwa umbali gani.

Hesabu ya pili ni jedwali la hatari. Utafundishwa kuipa kila hatari namba ya uwezekano, 1 hadi 5, na namba ya athari, 1 hadi 5, kisha kuzidisha na kupaka rangi kulingana na jibu. Lijue vizuri, maana kila ofisi itakuuliza, lakini usiliachie likuamulie. Dizeli inayoibwa kidogo kidogo kila wiki inaweza kupata 5 mara 2, yaani 10. Moto wa ghala usiotarajiwa sana unapata 2 mara 5, nao 10. Rangi ni ile ile kwenye karatasi, ila wizi wa dizeli ni hasara ya pesa na moto ni watu. Andika pembeni ya kila namba umeitoa wapi: daftari la matukio, kumbukumbu za bima, au maoni ya nani. Daftari la matukio, ile OB tunayoijaza kwa kuchoka saa kumi na moja alfajiri, ni hazina. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusoma OB ya mwaka mzima na kuipanga kwa siku na saa ataona mambo ambayo mwenye jengo hajawahi kuyaona.

Kufuli linaloua

Hapa ndipo ninapokuomba utulie. Tulilelewa kuamini kwamba kufuli likizidi, usalama umezidi. Machi 1998, bweni la wasichana wa Bombolulu, huku kwetu Pwani, liliungua usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma, mlango umefungwa, na wasichana 26 wakafa. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wakafa wavulana 67, na kule pia vyuma vya madirisha na mlango uliofungwa viliwazuia kutoka. Vyuma vile viliwekwa na watu waliotaka kuwalinda watoto.

Kwa hiyo kila unapopendekeza kufuli, geti au nondo, andika sentensi ya pili: moto ukiwaka saa nane usiku, aliye ndani anatokaje, gizani, bila kumtafuta mwenye ufunguo? Ukishindwa kuijibu, pendekezo lako lifute. Nimewahi kuwaona wanafunzi wakipewa alama nyingi kwa michoro ya majengo ambayo mimi nisingemlaza mtoto wangu ndani yake. Fanya mazoezi ya kuhama jengo ukiwa na saa, na umwombe mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo watembee njia hiyo, si vijana watupu.

Sheria, atachimenti na ripoti

Sheria mbili zisome mwenyewe, neno kwa neno, usingoje mhadhiri. Ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 ndiyo iliyoweka mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi na walinzi. Ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa kuanzia kitabu cha wageni. Kile kitabu getini, chenye majina, namba za kitambulisho na za simu, kikiwa wazi kila anayeingia asome mistari ya waliomtangulia, ni hatari uliyoiweka wewe mlinzi. Ukitaka kazi ya bandarini, ongeza kanuni za ISPS, za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zinazotumika tangu Julai 2004. Kwa usimamizi wa hatari kwa jumla, mwongozo wa kimataifa wa ISO 31000, toleo la 2018, ni mfupi na unasomeka kwa jioni moja.

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, usiombe tu kampuni kubwa yenye magari mengi. Huko unaweza kumaliza miezi mitatu ukipiga chapa zamu. Omba supamaketi, hospitali, au ofisi ya bima, mahali ambapo utaketi na mtu anayeamua pesa ziende wapi. Msikilize anavyokataa mapendekezo. Utajifunza kuandika gharama kando ya kila pendekezo.

Kuhusu utafiti wa mwaka wa mwisho, pata barua ya chuo, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na ruhusa ya mwenye mahali kwa maandishi. Kisha linda ulichokiona. Ripoti inayosema mlango fulani wa jengo fulani hauna mtu saa saba mchana ni zawadi kwa mwizi. Paite "Ghala A", usiweke ramani, usitaje saa za kubadilishana zamu, na viambatisho vyenye udhaifu halisi vibaki kwa msimamizi wako na mwenye jengo. Nakala kamili umkabidhi mwenye jengo mkono kwa mkono, na kabla hujaifikisha kwake wasomee walinzi wa pale yale mapendekezo yanayowahusu. Wao ndio watakaokuambia ni lipi halitafanya kazi hata wiki moja.