Jinsi ya kula steki kwenye restoranti ya hoteli kubwa bila kuogopa menyu wala mhudumu

Nimehudumu kwenye restoranti za steki ndani ya mahoteli makubwa kwa miaka 11, nilianza kwa kukusanya sahani chafu mpaka nikawa nachukua oda mezani, na kinachoniuma mpaka leo ni kumuona mtu kajibana miezi kadhaa, kamleta mkewe sehemu nzuri, kalipa hela nyingi, afu anakula nyama asiyoipenda kwa sababu aliona aibu kuuliza. Steki siyo chakula kilichopikwa sufuriani ukapakuliwa, inachomwa kwa oda yako wewe, kipande chako peke yake, kwa hiyo yale maneno mawili matatu unayomwambia mhudumu kabla nyama haijagusa moto ndo yanaamua utakula nini. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo hapo.

Hatua ya 1: Piga simu kwanza

Kwanza ujue huhitaji kuwa mgeni uliyelala hapo hotelini, wengi wanadhani hivyo na wanaishia getini. Restoranti iko wazi kwa yeyote mwenye nafasi iliyobukiwa, ukifika mapokezi sema tu una meza saa fulani watakupeleka.

Ukipiga simu uliza mavazi yanayotakiwa, uliza kama bili inakuja na asilimia ya huduma ndani yake, na kama kuna kitu kinakudhuru kama maziwa au karanga kiseme hapo hapo maana nyama nyingi inamaliziwa kwa siagi. Kama unakula halali uliza siku hiyo ya simu usingoje ufike, na usiulize nyama tu, uliza na sosi, maana sosi ya pilipili manga mara nyingi ina brandi ndani na ile ya kahawia imechemshwa na mvinyo mwekundu. Wapishi wanaweza kukutengenezea yako bila pombe ila wakijua mapema. Kama una uchaguzi, chukua meza mapema jioni, jiko likiwa halijaelemewa mpishi anaiangalia nyama yako vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Fika, kaa, usijaze tumbo mkate

Mkate wa moto na siagi utaletwa kabla hujaagiza. Kipande kimoja kinatosha. Nimeona watu wanamaliza kikapu afu steki inafika wameshashiba.

Hatua ya 3: Chagua kipande kwa mdomo wako, siyo kwa bei

Hapa ndo menyu inawatisha watu, ila kimsingi vipande ni vichache. Fileti ni msuli wa ndani kiunoni ambao ng'ombe hautumii kwa kazi nzito, ndo maana ni laini kuliko vyote, ila mafuta yake ni machache kwa hiyo ladha yake ni ya upole, anayependa ulaini achukue hiyo. Ribai inatoka mbavuni, ina michirizi myeupe ya mafuta inayopita katikati ya nyama yenyewe, ikipata moto ile michirizi inayeyuka na kuilowesha nyama kwa ndani, ukitaka ladha nzito ya ng'ombe ni hii, mimi mwenyewe ndo ninayoichagua. Sarara ya juu mgongoni, kwenye menyu wanaiandika sarloini au striploini, iko katikati ya hizo mbili, ina ukingo wa mafuta upande mmoja na inataka meno kidogo.

Tibon ni ile yenye mfupa wa umbo la herufi T, upande mmoja wa mfupa ni striploini na upande wa pili fileti, yaani unapata mbili kwa mpigo. Porterhouse ni hiyo hiyo tibon ila fileti yake ni kubwa, kwa kanuni za Marekani ile fileti lazima iwe na upana wa sentimita 3.2 hivi ndo iruhusiwe kuitwa hivyo. Tomahawk ni ribai iliyoachiwa mfupa mrefu wa ubavu, mara nyingi inafika kilo moja au inazidi, hiyo ni ya watu wawili mpaka watatu. Na hapa naomba usome kwa makini, vipande vikubwa vya namna hii mara nyingi bei yake imeandikwa kwa kila gramu 100 na mfupa unapimwa humo humo, kwa hiyo muulize mhudumu, "kipande chenu cha leo kina uzito gani?" afu piga hesabu kabla hujakubali. Uzito wowote ulioandikwa kwenye menyu ni wa nyama mbichi, ikishachomwa inapungua karibu robo, steki ya gramu 300 usitarajie gramu 300 kwenye sahani.

Maneno mengine yanayopandisha bei: Angus ni jina la aina ya ng'ombe, asili yake Scotland, siyo daraja la ubora, kwa hiyo peke yake lisikubabaishe. Prime ni daraja la juu kabisa la serikali ya Marekani, chini yake ni Choice. Wagyu ni ng'ombe wa Japani, na A5 ndo daraja la mwisho juu, nyama yake ina mafuta mengi mno, gramu 100 mpaka 150 zinamtosha mtu mzima, ukiagiza kubwa utakinai nusu njiani.

Afu kuna nyama iliyolazwa. Inawekwa kwenye chumba cha baridi chenye hewa inayozunguka, nyuzi joto 1 mpaka 4 hivi, wiki 3 mpaka 6 na wengine zaidi, maji yanakauka taratibu na vimeng'enya vya nyama yenyewe vinalainisha zile nyuzi zake. Ganda la nje linakuwa jeusi gumu, linakatwa na kutupwa, kwa hiyo unalipia na kile kilichotupwa. Ladha yake inaelekea kwenye karanga na jibini, kama hujawahi kula anza na ile ya wiki chache, siyo ya siku 60.

Hatua ya 4: Sema rangi, usiseme jina tu

Hii hatua nataka uishike kuliko zote.

Kuna jioni alikuja baba mmoja na binti yake aliyetoka kumaliza chuo, wamependeza, mzee kavaa koti. Nikamuuliza nyama iive vipi, akajibu "rea", yaani iive kidogo tu ndani ibaki nyekundu, kwa kujiamini kabisa, mi nikaandika nikaondoka. Baadaye naenda kutoa sahani nakuta kala kingo zote pembeni, katikati pamebaki duara jekundu, kalifunika kwa leso ya mezani ili bintiye asione. Hakusema neno. Kumbe lile neno alilisikia mahali akadhani ndo namna ya heshima ya kuagiza. Nilitakiwa kumuuliza rangi, sikumuuliza, na ile leso sijaisahau.

Basi viwango viko hivi, joto ni la katikati ya nyama. Rea ni nyuzi 50 hivi, ndani nyekundu na bado baridi baridi. Midiamu rea ni 54 mpaka 57, nyekundu yenye uvuguvugu, wapishi wengi watakushauri hapa. Midiamu ni 60 mpaka 63, pinki, majimaji bado yapo. Midiamu weli ni 65 mpaka 68, pinki inaonekana kwa mbali tu. Weldani ni kuanzia 71, kahawia mpaka ndani. Sasa majina haya kila jiko lina mkono wake, kwa hiyo ukishataja jina ongeza rangi: "midiamu, yaani nataka katikati pinki, isiwe nyekundu." Mhudumu ataandika na mpishi ataelewa.

Yale maji mekundu kwenye sahani siyo damu, damu ilishatoka machinjioni, ni maji ya msuli yenye protini inayoitwa mayoglobini ndo inayoyapa rangi. Ukishajua hilo hofu inapungua, ila kama bado hutaki kuyaona ni haki yako na usimruhusu mtu yeyote akucheke. Anayetaka weldani achukue ribai, mafuta yake yanaisaidia isikauke, au aombe fileti ipasuliwe katikati ifunguke kama kitabu ndo ichomwe, inaiva haraka bila kuwa mkaa nje. Ukiagiza weldani ya kipande kinene jipange kusubiri nusu saa hivi. Mjamzito, mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu aiagize iliyoiva vizuri, na baga ni habari nyingine kabisa, nyama ya kusaga iive mpaka 71 maana vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama vimeshachanganywa mpaka ndani.

Ukisita kati ya viwango viwili chagua cha chini. Nyama mbichi kidogo inarudi motoni, iliyopitiliza hairudi nyuma.

Hatua ya 5: Vya pembeni na kinywaji

Vya pembeni mara nyingi vinauzwa peke yake na ni vya kugawana, watu wawili viwili vinatosha, viazi na kitu cha kijani. Sosi omba iletwe pembeni, isimwagwe juu. Kinywaji agiza unachopenda, kama ni mvinyo basi mwekundu mkavu unaendana na ribai, kama hunywi maji yenye gesi na ndimu yanasafisha mafuta mdomoni vizuri tu.

Hatua ya 6: Kata katikati mhudumu akiwa bado amesimama

Nyama ikichelewa kidogo usinune, ikitoka motoni inapumzishwa dakika 5 mpaka 10 ili maji yake yatulie ndani, na joto la katikati bado linapanda nyuzi 3 mpaka 5 wakati huo. Sahani itakuja ya moto sana, usiishike.

Ikishawekwa mbele yako, usianzie pembeni, pembeni huwa pameiva zaidi patakudanganya. Tia kisu katikati kabisa, ifungue, angalia rangi, mhudumu anakusubiri na wala hachoki kusubiri. Kama siyo ulichosema mwambie saa hiyo hiyo, "dada, nilisema pinki, hii bado nyekundu," inarudi jikoni dakika 3 au 4. Kama imepitiliza unaletewa nyingine. Ukishakula nusu ndo ukalalamika, hapo unampa kila mtu kazi ngumu.

Angalia na ganda la nje. Linatakiwa kahawia iliyokolea, kavu, yenye harufu ya kuchomwa. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari zinavyobadilika zikipata joto, na juu ya nyama hilo linakwenda kasi ikiwa imekauka na joto limepita nyuzi 140 hivi. Steki ya kijivu imechemka, haijachomwa, na kulalamikia hilo siyo ushamba.

Kata kipande kimoja kimoja, usiikate yote kwa pamoja itapoa. Angalia nyuzi za nyama zimelala upande gani ukate kwa kuzikingama, hata sarara inalainika mdomoni. Tonge la kwanza kula bila sosi.

Hatua ya 7: Bili na kilichobaki

Soma bili mstari kwa mstari, hasa uzito wa kile kipande kikubwa. Kama asilimia ya huduma imo, bakshishi juu yake ni hiari yako. Kama umelala hotelini na unasaini iende chumbani, hakikisha namba ya chumba na jumla kabla ya kalamu.

Nyama iliyobaki omba ufungiwe, hamna aibu, tunafungia watu kila siku. Kesho yake iweke kwenye oveni ya joto dogo mpaka ipate uvuguvugu, afu kikaangio cha moto sana sekunde 30 kila upande. Na kama mlikula tomahawk msiache ule mfupa mezani, chemsha na kitunguu na tangawizi kwa moto mdogo masaa 3, supu yake ni nzito kweli.