Sauti ya redio ya gari inayokatika na kurudi: jinsi ya kuishika hitilafu kabla ya kununua kifaa kipya

Karibu kila mwenye gari anayeniletea shauri hili hapa Mwanza huanza na maneno yaleyale: "Fundi, ilikuwa inakatika njia nzima, lakini nimefika hapa imepona." Haijapona. Imejificha kwa sababu gari limesimama na waya umetulia. Hitilafu ya namna hii haipimiki wakati haipo, kwa hiyo kazi ya fundi ni kuilazimisha ijitokeze, na kazi ya mwenye gari ni kukumbuka ilijitokeza lini.

Hatua ya kwanza, basi, haihitaji bisibisi. Endesha gari siku mbili tatu huku ukizingatia kama sauti hukatika kwenye spika zote au moja tu. Kama hukatika kwa flashi na bluetooth pia, au kwa FM peke yake. Na gari lilikuwa likifanya nini wakati huo, kwa mfano kupita tuta, kukata kona au kutoka juani lilikoegeshwa tangu asubuhi. Ikiwa ni FM peke yake, achana na spika na amplifaya, maana tatizo liko upande wa antena, au kwenye ekspanda ile ndogo inayofungwa kwenye magari ya Japani ili redio zao, ambazo masafa yake huanzia megahezi 76 na nyingi za zamani huishia 90, zipate stesheni zetu zilizo kati ya 87.5 na 108. Tena mji wetu ni wa vilima na mawe. Stesheni inayofifia nyuma ya kilima kilekile kila siku si ugonjwa wa gari.

Hatua ya pili ni ya dakika tano. Gari likiwa limesimama, piga wimbo mmoja kwa flashi, kisha utumie balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) za redio kusikiliza spika moja moja, huku msaidizi akigonga dashibodi kwa kiganja na kufungua na kufunga milango.

Ikiwa inayokatika ni spika moja ya mlangoni, hatua ya tatu ni kuangalia mpira uliokunjamana kati ya mlango na nguzo. Waya unaopita humo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likibaki zima, kiasi kwamba ukiutazama kwa macho hutaona lolote. Chomoa plagi nyuma ya redio, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), na upime waya mbili za spika hiyo: spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Fungua mlango polepole. Namba ikiruka, umeshaipata. Usisokote waya na kuzungushia tepu, kwa sababu gundi ya tepu hulainika kwa joto na kuachia. Weka kipande kipya cha waya, ukichomelee kwa risasi na kukivalisha ganda.

Sauti inapokatika kwenye spika zote kwa pamoja, wengi hukimbilia kununua redio, na hapo ndipo fedha hupotea. Niliwahi kuletewa Noah iliyokuwa ikibeba samaki kutoka mwalo wa Kirumba, ambayo mwenyewe alikuwa ameshaibadilishia amplifaya mara mbili. Nilikunja zulia la nyuma nikakuta bolti ya waya wa hasi imefungwa kwenye bodi juu ya rangi, imelowa maji ya barafu na samaki, na chini ya kichwa cha waya kuna unga wa kijani. Nilipouvuta waya huo kwa vidole viwili, ulitoka wenyewe.

Kwa hiyo hatua ya nne ni hasi. Mziki ukiwa unapiga kwa nguvu, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya amplifaya. Ikizidi volti 0.2 hivi, kiungo hicho ni kibovu. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza bolti kwa nati, kisha upake grisi juu yake. Ndipo upime chanya: injini ikiwa inanguruma, amplifaya ipokee takriban volti 13.8 hadi 14.4, na waya mwembamba unaoiamuru kuwaka, ambao mara nyingi ni wa bluu wenye mstari mweupe, usipoteze volti zake 12 gari linapotikisika.

Jambo moja husahaulika. Waya mmoja wa spika uliochubuka na kugusa bodi unaweza kuzima spika zote, kwa kuwa redio hujikinga. Chomoa spika moja moja hadi kukatika kukome.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Igoma: Shikamoo fundi. Yangu hukatika baada ya nusu saa, nikiizima ikapoa hurudi. Ni waya?

Jibu: Marahaba. Hilo ni joto. Angalia kama amplifaya imefunikwa na zulia, kisha uhesabu sabufa zako: mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya isiyoruhusu kiwango hicho huchemka na kujizima.

Mwanachama wa Sengerema: Kuna mlio unaopanda nikikanyaga mafuta. Ndiyo hitilafu hii hii?

Jibu: Si hii, ingawa hasi mbovu huileta pia. Tenganisha waya za mawimbi, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, na waya wa umeme. Kila moja upite upande wake wa gari.

Dereva wa Hiace, Nyegezi: Redio yangu hujizima na kujiwasha njiani.

Jibu: Kaka, tazama saa yake. Ikirudi imepoteza saa na stesheni, chunguza waya wa njano na fyuzi yake, au hasi ya redio yenyewe. Ikirudi na kumbukumbu zote, anza na waya mwekundu unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kuzima wakati wa kupiga stata tu ni kawaida.

Mwanachama wa Igombe: Fundi wangu anasema redio imekufa, ninunue nyingine. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Mama, mwambie afunge spika ya akiba moja kwa moja kwenye waya zinazotoka nyuma ya redio, bila kupitia waya za gari wala amplifaya, na zile za zamani azichomoe. Iwekeni kitini, mpite njia ileile yenye matuta. Spika hiyo ikiimba bila kukatika hadi mnarudi, redio yako ni nzima. Aendelee kutafuta kwenye waya.