Una miaka 28 na bado unalala kwa wazazi hapa Mwanza? Fanya hivi

Kwanza usihame kwa hasira. Najua shangazi keshakuuliza utaoa lini mbele ya wageni na mshua hachoki kukukumbusha kwamba umri wako yeye alishakua na mji wake na watoto wawili, sawa, ila yeye alianza maisha enzi kiwanda cha nguo cha Mwatex kinaajiri, wewe umeanza na bando.

Chukua karatasi upige hesabu. Chumba cha elfu 50 huko Igoma au Buhongwa, mwenye nyumba anataka ya miezi 6, dalali anataka ya mwezi mmoja, hapo laki tatu na nusu imekwenda na hata ndoo hujanunua. Na kama riziki yako ni dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba ndo tafakari mara mbili, maana dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na wewe unapumzika ila kodi haipumziki. Mimi nilipanga bila kuangalia mwezi, nikarudi kwa bimkubwa na godoro kwenye boda, saa sita mchana, mtaa mzima uko nje.

Ukishaamua kubaki, shika bili moja iwe yako. Sio "ntachangia", hapana, shika LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Namba ya mita iwe kwenye simu yako, zikibaki uniti tano nunua, bimkubwa asikuite akiwa gizani. Halafu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, kwa hiyo mshua akianza "hii nyumba yangu" we itikia tu "ndio baba", moyoni unajua nani anailipia 😂

Ukichelewa piga simu, "mama leo msiniwekee chakula". Hiyo sio ruhusa, ni taarifa.

Kwa madada ni ngumu zaidi, ukipanga peke yako wanasema umeshindikana, ukikaa nyumbani umedoda, sasa si bora ukae unapoweka akiba.

Na neno kijana lisikuumize, sera ya taifa ya vijana inakuhesabu kijana mpaka miaka 35.

Utajuaje wameanza kukuona mtu mzima? Angalia kadi za michango ya harusi. Yangu ya kwanza ilitoka kwa binamu wa Magu, juu imeandikwa jina langu, sio "Mzee na familia", chini singo elfu 50, dabo laki. Mama akanikabidhi anacheka, "haya baba, na wewe wamekuona".