Habari Zenye Chumvi Nyingi: Namna ya Kufumbua Chemshabongo ya Kijanja

Habari zimevurugwa! Huko kuna chumvi nyingi (6)

Nilipokitupa kidokezo hicho kwenye kundi la WhatsApp la familia, mtoto wa kaka yangu aliye Tanga aliuliza, “Shangazi, nani tena kasengenywa?” Ndiko nilikotaka aelekee. Mswahili akisikia habari na chumvi katika sentensi moja, akili yake inakimbilia umbeya. Lakini hapa umbeya haumo. Chukua neno HABARI, vuruga herufi zake, unapata BAHARI. Na baharini, kama ujuavyo, kuna chumvi nyingi.

Mchezo huu umekomaa Uingereza. Chemshabongo ya miraba ya kawaida ilianzia Marekani, pale Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipoichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ilipovuka bahari Waingereza wakaitia ujanja, na kuanzia 1926 Edward Powys Mathers akawa anawahenyesha wasomaji wa The Observer kwa jina la Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania aliyejulikana kwa ukatili. Jina lilimfaa. Mimi niliupatia London, nikisafisha mabehewa usiku. Abiria huacha magazeti vitini, na chemshabongo nyingi zimejazwa nusu tu. Siku hizi natunga za Kiswahili, kwa sababu lugha yetu inaukubali mchezo huu kuliko watu wanavyodhani.

Kanuni ni moja. Kila kidokezo kina sehemu mbili: maana, ambayo inalieleza jibu moja kwa moja, na ufundi, ambao ni maelekezo ya kulijenga jibu hilo hilo kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Kwa hiyo sentensi usiisome kama hadithi. Tafuta pa kuikata. Alama za uandishi zipuuze, zimewekwa kukupoteza. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi, na mimi nahesabu moja moja: CH ni visanduku viwili.

Tuanze na chepesi.

Ndani ya paka mbaya mna cha kumfungia mbuzi (5)

“Ndani ya” ndicho kiashiria: kinakuambia uchungulie. Andika “pakambaya” bila nafasi, kisha pitisha kidole: pa-KAMBA-ya. Kamba humfungia mbuzi. Paka hana kazi nyingine humu.

Ona nilivyoandika “cha kumfungia”. Mtungaji wa Kiswahili ana mzigo ambao Mwingereza hana, nao ni ngeli. Ningeandika “ya kumfungia” ningekuwa nimeshakupa upatanisho wa jibu, umebakiwa na kazi ya mtoto. Ndiyo maana hukimbilia “cha”, yaani kitu cha, au “huko” kama kwenye bahari. Basi ukiona “cha” usikurupuke kutafuta neno linaloanza na KI.

Sasa za kuvuruga, ambazo ndizo nyingi. Viashiria vyake ni neno lolote lenye harufu ya fujo: koroga, lewa, changanyikiwa, ajali, tetemeko. Jaribu hiki:

Karibu kwa fujo! Aingiaye hapa hatoki (6)

“Kwa fujo” inaigusa “Karibu”, na KARIBU ina herufi sita, sawa na namba iliyo kwenye mabano. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta kwanza. Usizizungushe herufi kichwani. Andika konsonanti mstari mmoja, K R B, na irabu chini yake, A I U. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, kwa hiyo unazioanisha tu: kuna ka, bi, ru, hapana, ka, bu, ri, naam. KABURI. Anayefumbua kwa Kiingereza hana njia ya mkato kama hii. Tena kisanduku cha mwisho cha neno letu karibu siku zote kina irabu, kwa hiyo hata kabla hujajua lolote umeshapunguza nusu ya mashaka.

Zipo za kuunganisha vipande: “Siyo ugonjwa wa ngozi, ni mkali wa mbugani (5)”. Siyo ni SI, ugonjwa wa ngozi ni MBA, na huyo hapo SIMBA. Zipo za kumeza: “Kitu kikimeza herufi ya kwanza huvaliwa mguuni (5)”. Ingiza A ndani ya KITU, unapata KIATU. Na zipo zisizo na ufundi wowote, maana mbili tu zimegandishwa pamoja: “Mla majani hukuna nazi (5)”. Aliyekulia pwani hatachukua dakika, maana jikoni kwao yumo MBUZI asiyelia.

Za kugeuza nazipenda kuliko zote. “Inama, geuka, upate utulivu (5)”. Soma INAMA kutoka nyuma: AMANI. Hapa umegeuza herufi. Watoto wa pwani tuliocheza kinyume tulizoea kugeuza silabi, na ukigeuza silabi za LIMA unapata MALI. Nikitunga ya aina hiyo husema waziwazi “kwa silabi”, la sivyo ni kumwonea mtu.

Kwenye kundi letu jibu tupu halipokelewi, hata likiwa sahihi. Lazima ueleze: maana ni ipi, kiashiria kipi, herufi zimetoka wapi. Kwa mfano: utulivu ndiyo maana, “geuka” ni kiashiria, INAMA ikigeuzwa ni AMANI, “upate” ni kiungo tu. Ukimaliza kueleza na neno fulani limebaki bila kazi, jibu lako lirudie. Au mtungaji ni mzembe, na wapo. Wengi hukwama kwa kubahatisha maana kisha wakalazimisha herufi; mimi nasema anza na kiashiria, maana itajileta yenyewe.

Mwenye Kiingereza kizuri anayetaka kujaribu za wenyewe, aanze na zile fupi za wanaoanza. The Times wanayo tangu 2014, na The Guardian tangu 2024. Hiyo ya pili hukutajia mapema mbinu zilizotumika, jambo ambalo wazee wa mchezo wanaliona kama kumtafunia mtu. Mimi sioni ubaya.

Nakuachia tatu, uzilete na maelezo:

Mnazi umekatwa kichwa, limebaki tunda lake (4)

Ambia mlevi alete mboga inayoteleza (5)

Makula yamekorogwa! Chukua cha kuandikia (6)

Ya mwisho ningeweza kuitunga bila makula kabisa: silabi moja, halafu jina la kisiwa kimoja cha pwani ya Kenya.