Kupima sikio la mtoto asiyeweza kukujibu: anza na ngoma, koklea baadaye

Kila Juni na Julai, baridi ikishuka Moshi, foleni ya watoto wenye mafua hufika mlangoni mwa chumba changu cha vipimo. Wengine wametoka Rombo au Same, wameamka alfajiri kuwahi basi, na mzazi ana swali moja tu: mwanangu anasikia? Mtoto wa miaka 2 hawezi kunyoosha mkono kila akisikia mlio, kwa hiyo tunaliuliza sikio lenyewe. Mfuatano ninaoutumia ndio huu. Naomba usiuruke.

Hatua ya 1: Tazama kwanza. Washa otoskopu, kile kitochi cha kutazamia ndani ya sikio. Usaha ukitoka, acha vipimo, mpeleke kwa daktari. Ukikuta harage, usimwagie maji, maana likilowa huvimba.

Hatua ya 2: Pima mwendo wa ngoma ya sikio. Hiki ndicho kipimo cha timpanometria. Chagua kipira kinachozidi kidogo tundu la sikio, kivishe kwenye probu, ncha ya mashine inayoingia sikioni. Mwambie mama, "Mkumbatie, kichwa kiegemee kifuani, mkono wako mmoja kwenye paji lake." Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma; kwa mtoto mchanga, chini na nyuma. Hewa ikivuja mashine itagoma, nawe badilisha kipira badala ya kukandamiza. Akilia, subiri anyamaze.

Mashine hujaza hewa hadi dekapaskali (kipimo cha shinikizo la hewa) +200, kisha huinyonya taratibu kuelekea -400, huku mlio wa hezi 226 ukiendelea. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 6 weka hezi 1000. Mfereji wake bado ni laini, na mlio wa 226 unaweza kukuchorea kilima kizuri kwenye mchoro, kana kwamba ngoma inacheza, ilhali nyuma ya ngoma kuna maji.

Sasa soma mchoro. Kilima kilichosimama karibu na sifuri ni aina A, ngoma inacheza vizuri. Kilichosogea kushoto kupita -100 ni aina C: mrija unaounganisha sikio na koo haufunguki sawasawa, jambo la kawaida wakati wa mafua. Mstari uliolala ni aina B. Herufi hizi tumezirithi kwa James Jerger, mtaalamu wa usikivu wa Marekani, tangu 1970.

Ukikuta mstari umelala, macho yaende kwenye ujazo wa mfereji kabla hujasema neno. Kwa mtoto mdogo, mililita 0.6 ni ujazo wa kawaida, basi shuku maji nyuma ya ngoma. Mililita 3? Ngoma imetoboka, au ina kijirija alichowekewa na daktari. Ikisoma 0.1 au 0.2, ni nta au probu imegusa ukuta wa mfereji. Toa, tazama, rudia. Mistari ni ileile, lakini habari ni tatu tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Rifleksi ya stapedi, msuli mdogo wa sikio la kati, nyuma ya ngoma, unaojikaza kwa sauti kubwa. Mtoto akiwa bado ametulia, piga mlio kuanzia desibeli 80, panda kwa 5, ishia 100. Msuli huo ukijikaza, mashine itaonyesha. Kwenye mchoro wa aina B usijisumbue, hautaonekana.

Hatua ya 4: Mwangwi wa koklea, yaani OAE. Koklea ni sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti; yenye afya, ukiipigia mlio, hurudisha sauti hafifu sana. Mwanafizikia David Kemp ndiye aliyeiripoti mwaka 1978. Funga dirisha, bodaboda moja nje yatosha kuharibu kipimo. Sauti hiyo lazima ipite sikio la kati ikienda na ikirudi, ndiyo maana timpanometria hutangulia.

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miaka 4 aliyekwisha kuitwa kiziwi mahali fulani kwa sababu ya OAE peke yake. Nilipompima, mistari ililala masikio yote, ujazo 0.6 na 0.7. Nikamwambia, "Bibi, kuna maji humu. Tusimwite kiziwi bado." Daktari alimfuatilia, na baada ya miezi 3 vilima vilirudi, na OAE ikapita masikio yote mawili. Bibi alishika ile karatasi muda mrefu. Mimi bado naumia nikifikiria miezi ambayo nyumbani waliacha kumsemesha.

Lakini OAE iliyopita nayo isikutulize upesi. Inapima seli za nje za koklea tu, haifiki kwenye neva ya kusikia. Muulize mama kama mtoto alipata manjano kali alipozaliwa, maana inaweza kuiumiza neva hiyo. Akisema ndiyo, nenda hatua inayofuata hata kama mashine imeandika amepita.

Hatua ya 5: ABR, kipimo cha mawimbi ya umeme ambayo neva ya kusikia na shina la ubongo hutoa sauti ikiingia. Vibandiko vya umeme kwenye paji na nyuma ya masikio, mtoto akiwa usingizini, nasi tunatafuta wimbi la tano. Mpe mama maelekezo siku moja kabla: asimwache alale ndani ya basi, asimnyonyeshe mpaka afike. Akiingia chumbani safisha ngozi, bandika vibandiko, ndipo umwambie ampe titi, na uzime taa.