Pindo la kudarizi kwa foronya za sofa: anza na kona

Pindo likiharibika, huharibikia konani. Katikati ya upande kila mtu hupatia. Kazi ni pale pande mbili zinapokutana. Ndiyo maana hapa tunaanza na hesabu ya kona kabla ya kushika sindano. Mfano wetu ni foronya ya mto wa sofa, sentimita 45 kwa 45.

1. Umbo na kitambaa

Tazama kanga: pindo linazunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa ndani, uko katikati, na mara nyingi pindo limejaa nakshi hadi ukingoni. Kwa sebule ya sasa mimi hupunguza. Natoa umbo moja tu, tuseme korosho, nalikuza, naacha uwazi kuzunguka kila moja, rangi mbili basi.

Tumia kitani au pamba nzito isiyovutika. Kifue kwanza, kikauke, kipige pasi. Pamba hurudi, na ikirudi baada ya kudarizi, nakshi itakunjamana na pasi haitaisaidia. Uzi mwekundu au mweusi ujaribu: ulowanishe, uubane kwenye kitambaa cheupe. Ukichuja, achana nao.

2. Hesabu

Pindo letu lina upana wa sentimita 4, na kila korosho ina urefu wa sentimita 4. Ukiacha 4 kutoka kwenye mshono, mstari wa nje unakuwa 37. Toa kona mbili za 4 kila moja, zinabaki 29, ambazo hazigawanyiki kwa 4. Hapo wengi hubana korosho zitoshe. Usibane, sogeza pindo ndani. Acha 4.5 kila upande, mstari wa nje uwe 36, toa kona, zinabaki 28: korosho 7 kamili. Nusu sentimita ya kitambaa kitupu haionekani, ila korosho iliyobanwa mgeni ataiona akiwa bado mlangoni.

Idadi iwe witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, na sababu yake inakuja.

3. Kona

Chora korosho tatu zinazofuatana kwenye karatasi. Chukua kioo kidogo cha mkoba, kisimamishe juu ya mchoro kwa pembe ya nyuzi 45, kisha kisogeze polepole. Utaliona pindo likikata kona ndani ya kioo. Mahali pengine mikia itagongana, pengine itaungana kama mbawa mbili. Ukipapenda, piga mstari hapohapo.

Sasa kona imekaa kama kioo, kwa hiyo korosho za upande mmoja zinalala kulia na za upande wa pili kushoto. Lazima zigeuke mahali fulani katikati ya kila upande. Ondoa korosho ya nne, weka ua dogo lililosimama wima. Tatu za huku na tatu za kule zitalitazama. Ndiyo kazi ya witiri. Unaweza pia kuzilaza zote upande mmoja zikafukuzana kuzunguka mto. Ni rahisi zaidi, ila kwangu mto wa hivyo hautulii machoni.

4. Kuhamisha mchoro

Karatasi ya kaboni ya mafundi cherehani inatosha. Ya ofisini iache, wino wake hautoki.

5. Kudarizi

Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita ndani yake. Tumia tatu kwa mzingo wa korosho, mshono wa mnyororo, na mbili kwa mistari ya ndani. Kata uzi wa dhiraa moja. Mrefu zaidi unachakaa na kufunga mafundo. Ukijaza umbo, mshono mmoja usizidi milimita 7, maana mto wa sofa unakaliwa na mishono mirefu hunasa kwenye pete na bangili.

Maliza kona zote nne, kisha maua ya katikati, ndipo ujaze korosho. Pasi ipigwe upande wa nyuma, nakshi ikiwa imelala juu ya taulo.

Kwa pazia

Usidarizi pazia lenyewe, ni zito kwenye fremu ya kudarizia. Darizi utepe uliokatwa kufuata urefu wa kitambaa, nao ufuliwe kabla kama pazia. Korosho zikuze hadi sentimita 8 au 10, kwani ndogo humezwa na mikunjo. Utepe ukae kwenye ukingo ambapo mapazia mawili hukutana. Juu hauna haja. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, kwanza, kisha cherehani ianzie chini kwenda juu kwa kingo zote mbili za utepe. Ukishona mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, utepe utajisokota.