SOMO: Kwenda jangwa la chumvi la Uyuni na mji wa machimbo Potosí (Bolivia) bila kuangushwa na mwinuko

Wakuu habari zenu. Naandika huu uzi ili kila anayekuja inboksi nimtumie linki, maana swali ni lile lile kila wiki, "nataka kwenda kule kwenye chumvi nyeupe, nianzie wapi". Watu wameona zile picha mtu kasimama juu ya maji na mawingu yako chini ya miguu yake, kesho yake anakata tiketi ya La Paz, mji ulio juu sana ambako hewa ni haba. Safari inaharibikia hapo hapo kwenye tiketi. Jibu langu fupi: anzia bondeni Santa Cruz, panda kidogo kidogo, Sucre, halafu Potosí, Uyuni mwisho. Sasa tuende hatua kwa hatua.

1. Viza. Uliza ubalozi wao kabla hujalipa chochote. Kadi ya homa ya manjano beba.

2. Ndege. Addis kwenda São Paulo, halafu Santa Cruz de la Sierra. Santa Cruz iko mita 400 na kitu tu, joto la kawaida, unalala vizuri.

3. MWINUKO. Hapa someni taratibu, nimeandika kirefu makusudi. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, mita 4,061. Yaani mtu katoka Dar usawa wa bahari, kashuka kwenye ndege na mabegi yake, anaanza kutembea kwenye urefu ambao Kilimanjaro ungeufikia baada ya siku mbili tatu za kupanda na muongozaji anakwambia pole pole. Mimi mara ya kwanza nilishukia huko na ilinibidi nishushwe, ndio maana siwezi kunyamaza. Kutoka Santa Cruz nenda Sucre, mita 2,800 hivi, kaa hapo siku tatu, nne zikiwezekana. Mji mzuri, mweupe wote, ndio makao makuu ya kikatiba ya nchi japo serikali inakaa La Paz, kwahiyo hupotezi muda. Kutoka Sucre panda Potosí kwa basi, masaa matatu hivi, mita 4,000 na zaidi, siku ya kwanza usifanye lolote, kunywa maji, kula kidogo, pombe acha kabisa. Uyuni iko chini kidogo ya Potosí, mita 3,650 hivi, kwahiyo ukifika huko unapumua. Ukigeuza njia ukaanza na Uyuni ukaunganisha na yale maziwa ya milimani yaliyo kusini ya Uyuni, usiku wa pili unalala karibu mita 4,300 na asubuhi kabla jua halijatoka mnapita kwenye chemchem za mvuke za Sol de Mañana, karibu mita 4,850. Mwili haujajiandaa.

Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa kukatika katika ni kawaida, pumzika, usipande zaidi mpaka viishe. Ila haya matatu sio ya kupumzika nayo: kuishiwa pumzi ukiwa UMEKAA, kikohozi chenye mapovu, na kuyumba au kuongea vitu visivyoeleweka. Mwambie mwenzako atembee mstari ulionyooka, kisigino kinagusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, anashushwa usiku huo huo, hamsubiri asubuhi, na hapo hakuna mjadala wa hela ya safari. Dawa ya acetazolamide (Diamox) inasaidia mwili kuzoea lakini aandike daktari, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru, na haigeuzi mpango mbaya kuwa mzuri.

4. Potosí. Madini ya fedha yaligunduliwa kwenye mlima Cerro Rico mwaka 1545 na ndani ya miongo michache mji ukawa mkubwa kushinda miji mingi ya Ulaya ya wakati ule. Wahispania walilazimisha wenyeji wa vijiji vya mbali kuja kuchimba kwa zamu, mfumo ulioitwa mit'a (sio mita za kupimia). Na sisi Waafrika tumo kwenye hii habari, watu wetu waliletwa huko wakiwa watumwa, wengine wakafanyishwa kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza sarafu. Hicho kiwanda, Casa Nacional de Moneda, sasa ni makumbusho, ingia. Utaona mashine kubwa za mbao za kubamiza fedha ghorofani, na chini yake wanyama wa mizigo walikuwa wanazunguka mduara kutwa. Simama pale chini, dari ni fupi, ndio utaelewa.

Kuingia mgodini ni hiari na sio lazima. Cerro Rico bado unachimbwa na vyama vya ushirika, ni wachimbaji wadogo kama wa kwetu, baruti, sururu na mkokoteni, na mlima umetobolewa mpaka kilele kinadidimia, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014. Ukiingia, nenda na muongozaji aliyewahi kuchimba, pitieni soko la wachimbaji mnunue zawadi za kuwapa, juisi, majani ya koka, glavu. Picha omba kwanza. Yule ni mtu yuko kazini, vumbi analovuta ndilo linaloua mapafu ya wenzake. Ndani mtakuta sanamu lenye pembe, wanaliita Tío, wachimbaji wanalipa sigara na koka. Hata kama dini yako haikubali, simama kimya tu, usicheke na usiguse.

5. Potosí kwenda Uyuni. Basi, masaa manne hivi, lami. Kama una nusu siku kaa Pulacayo, mji wa machimbo uliobaki na watu wachache, karibu na Uyuni. Wengi wanaruka wanakimbilia makaburi ya treni pale Uyuni, lakini yale mabehewa yenye kutu yanaeleweka ukishaona fedha ilikuwa inatoka wapi. Reli ilikuwa inashusha madini mpaka Antofagasta, bandari ambayo Bolivia iliipoteza kwa Chile kwenye vita vilivyoanza 1879.

6. Gari. Safari ya kawaida ya chumvi na maziwa ni siku tatu, Land Cruiser, abiria sita. Usichague kwa bei. Nenda ofisini jioni, omba kuliona gari LENYEWE, mikanda ya siti zote, tairi la akiba, mtungi wa oksijeni (waambie waufungue usikie hewa inatoka), na muongee na dereva uso kwa uso. Akinuka pombe asubuhi ya safari msipande. Kule hakuna barabara wala taa, chumvi ni kilomita za mraba zaidi ya 10,000, magari yanakimbia popote, na kuna sehemu tabaka la chumvi ni jembamba maji yanatokea kwa chini, gari linazama. Dereva anayejua hizo sehemu ndio unachomlipia.

7. Vya kubeba. Miwani ya jua ya kweli, mafuta ya kukinga jua, koti zito, kofia ya sufu, taslimu (ada ya hifadhi na ya kisiwa cha Incahuasi unalipa mwenyewe), tochi. Jua linapiga kutoka juu na linarudi kutoka kwenye chumvi, kwahiyo paka chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua. Mtu mweusi haungui ni uongo, midomo itapasuka. Juni mpaka Agosti usiku unashuka chini ya sifuri vibaya sana na gesti nyingi hazina joto, kodi begi la kulalia. Simu ilale nawe ndani ya blanketi, baridi inamaliza chaji.

8. Msimu. Kioo cha maji (zile picha za mawingu chini ya miguu) ni kipindi cha mvua, Januari mpaka Machi ndio uhakika zaidi, ila mara nyingi kisiwa cha Incahuasi chenye yale madungusi marefu hakifikiki. Mei mpaka Oktoba ni kavu, unaona yale maumbo ya pembe sita yaliyojichora kwenye chumvi na unafika kila sehemu. Vyote viwili kwa safari moja usitegemee.

Maswali wekeni hapa chini, sio inboksi.

---

Kamanda_wa_Kili: Mkuu umetutisha bure, mimi nimefika Uhuru mara mbili, hiyo 4,000 ni ndogo.

Mwandishi: Uhuru unafika alfajiri, dakika chache unashuka, usiku unaofuata umelala chini sana ya hapo. Huku unaishi juu, unalala juu siku nyingi mfululizo. Na ulipopanda hukuanzia Horombo kwa ndege. Kufika Uhuru mwaka juzi hakukupi kinga ya mwaka huu.

binti_wa_Kisauni: Shukran sana kaka kwa somo. Mimi Muislamu, chakula cha siku tatu kwenye gari itakuaje?

Mwandishi: Swali zuri dada. Waambie siku ya kubuku, sio asubuhi ya safari, kwamba unataka chakula kisicho na nyama kabisa, wamezoea kwa sababu wazungu wengi hawali nyama. Utapata mayai, viazi vya kila aina, mboga, supu ya kinoa (nafaka ndogo ya huko), na kinoa inalimwa hapo hapo kuzunguka chumvi. Nyama ya huko mara nyingi ni llama (mnyama wa mizigo wa kule, jamaa ya ngamia) na hutajua imechinjwaje. Beba tende zako, zinakaa vizuri na zinasaidia tumbo likikataa chakula cha moto.

Chapchap: Bei gani yote jumla?

Mwandishi: Inategemea msimu, tiketi na siku zako. Toka 2023 dola imekuwa shida kule, bei nikiandika leo mwezi ujao ni uongo. Beba dola taslimu, noti safi zisizokunjwa.

Chapchap: Sasa somo gani halina bei? Na nina siku sita tu likizo, nimeshabuku La Paz.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Chapchap: Nimeisoma mkuu, si nitameza hizo Diamox.

Mwandishi: Basi hujaisoma, sentensi ya mwisho. Siku sita hazitoshi Uyuni na maziwa. Badilisha tiketi au kaa Sucre na Santa Cruz ufurahi.

ziwa_nyanza: Samahani mkuu, mimi sio mgonjwa wa selimundu ila nilipimwa nikaambiwa nimebeba kinasaba kimoja. Naweza kwenda?

Mwandishi: Asante sana kwa kuuliza, hili hata makampuni ya safari hawaliulizi na kwetu Kanda ya Ziwa ni watu wengi. Mgonjwa wa selimundu asiende, hewa haba inaharibu chembe za damu zake haraka. Aliyebeba kimoja kama wewe wengi wanapita salama, lakini kuna ambao bandama imekosa damu wakiwa juu. Onana na daktari wa damu kabla ya kulipa, mwambie urefu kwa namba, 4,300 kulala na 4,850 kupita. Ukikubaliwa, kunywa maji mengi, usikimbie, na maumivu makali chini ya mbavu za KUSHOTO ni kushuka na hospitali muda huo huo. Waambie na wenzako wa kwenye gari wajue.

miraa_na_maji: Hayo majani ya koka ni kama miraa? Naweza rudi nayo Nairobi kidogo tu?

Mwandishi: Bolivia ni halali, wanatafuna, wanaweka shavuni, au wanakunywa kama chai, na yanapunguza njaa na uchovu. Kurudi nayo USITHUBUTU, hata jani moja kwenye mfuko wa koti, kung'uta mifuko uwanja wa ndege. Na kama kazini kwenu wanapima mkojo usitafune kabisa, kipimo kitasoma kokeini.

Fundi_Magadi: Mkuu mimi nimekulia Magadi, magadi yetu nayo yanapasuka vipande lakini zile pembe sita za Uyuni zimekaa kama zimepimwa. Zinatokana na nini?

Mwandishi: Nimefurahi sana na hili swali. Zamani palikuwa na maziwa makubwa yakakauka, chumvi ikabaki juu na chini yake kuna maji mazito ya chumvi (ndio yenye ile lithiamu, madini ya betri, inayogombaniwa). Jua likikausha juu, maji ya juu yanakuwa mazito kuliko ya chini, yanazama kwa mistari, yale mepesi yanapanda katikati. Pale yanapozama chumvi ni nyingi zaidi, kwahiyo inajijenga ukuta mdogo, na mizunguko ikibanana kila upande unapata pembe tano, sita, saba. Piga magoti asubuhi jua likiwa chini, ule ukuta una kimo cha vidole viwili hivi na una vichembe vikali, ukipitisha kiganja unakata. Na flamingo wa maziwa ya kusini nao uwatazame, wako aina tatu, na hakuna hata moja utakayoiona Magadi.

Fundi_Magadi: Nimekupata mkuu. Na viatu? Magadi yanakula soli.

Mwandishi: Hata huku. Msimu wa maji vaa buti za mpira, makampuni mengi wanazo ila beba soksi mbili. Ukirudi Uyuni osha viatu, mguu wa kamera na zipu za begi kwa maji baridi usiku huo huo, chumvi ikikauka kwenye zipu haifunguki tena.

binti_wa_Kisauni: Na maharage nikibeba yangu, nitaweza kupika gesti?

Mwandishi: Kwenye mita 4,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, maharage yatakaa jikoni mpaka gesi iishe. Wenyeji wanatumia presha kuka, omba ya mama wa gesti na umwachie kidogo.